Mkia wa Kibua

Ilikuwa juu ya friji, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ua katikati, pembe zake nne zikining'inia sawasawa. Nilidhani ni redio. Wifi yangu aliponiona naitazama, akapanda kigoda, akakiinua kitambaa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga ili wageni wamwone uso. Kumbe ni eafraya, kikaango cha hewa. Nyeusi, inang'aa, na ile nailoni ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kioo cha kupangia dakika. Kaka aliileta Desemba, na siku ile ilikuwa Agosti. "Sijaipikia hata mara moja, wifi," akasema. "Naogopa kuichafua."

Nimekulia chini ya vitambaa vya namna hiyo, kwa hiyo nilimwelewa. Sebuleni kwetu palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake bilauri kumi na mbili zenye mstari wa dhahabu ambazo hazikuwahi kuonja maji ila siku ya kuamkia Idi, zilipotolewa zikaoshwa, zikafutwa, zikarudishwa. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu aliyehangaika kukipata kitu hukishukuru kwa kukifunika. Kufunika ni heshima, ni kusema kwamba jasho lililokinunua halijasahaulika. Lakini mimi nilikwenda Tabata siku ile nikiwa na swali langu, nililolibeba kichwani miezi mitatu: je, mashine hii inafaa kununuliwa nyumbani kwangu? Nilikwisha kuuliza bei Kariakoo duka kwa duka, nikasikiliza wauzaji, nikahesabu lita na wati. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nilichoambiwa na kile kitambaa, kwamba chombo kinaweza kuingia ndani ya nyumba kisiingie jikoni.

Mama, ambaye ndiye nilikuwa nimemsindikiza, alikuwa na vibua vitatu kwenye kikapu chake cha ukindu. Tunakaa Kigamboni, na mtu akitoka kwetu kwa pantoni hushukia mlangoni mwa soko la samaki la Feri. Mama hawezi kupita pale mikono mitupu. Akavitoa vibua, akaviweka kwenye beseni. "Kama ni ya kupikia," akasema, "na ipike."

Tukaiteremsha. Vibua vikaoshwa, vikachanjwa mistari mitatu kila ubavu, vikasingwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na bizari, na mafuta kijiko kimoja cha chai kwa vyote vitatu. Vikaenea kwenye kikapu cha mashine kwa shida, mikia imepinda ukutani. Ikaanza kuunguruma. Sauti yake haifanani na sauti yoyote ya jikoni ninayoijua. Haina ule mlio wa samaki anapotua kwenye karai, mlio unaowaita watoto kutoka uani bila kuitwa. Ni upepo tu, kama basi linalosubiri abiria. Baadaye nilipochungulia ndani niliona hakuna siri yoyote: waya umejikunja juu kama konokono unawaka mwekundu, feni imekaa nyuma yake, na chini kikapu chenye matundu. Hewa ya nyuzi 180 inazungushwa kwa kasi ndani ya tumbo dogo, inaondoa unyevu wa ngozi kabla nyama ya ndani haijakauka. Basi. Wala akili hiyo si ya jana. Mwaka 1945 Mmarekani William Maxson alitengeneza tanuri dogo lenye feni la kupashia chakula cha wasafiri ndani ya ndege. Umbo hili tunalolijua lilionyeshwa na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 2010, kutokana na kazi ya Mholanzi Fred van der Weij, aliyekuwa akitafuta chipsi kavu zisizodai karai la mafuta.

Nimewasikia watu wakisema jina la mashine ni uongo, kwamba huku si kukaanga bali ni kuoka. Kwa lugha yao pengine ni kweli. Kwa Kiswahili sioni uongo wowote. Sisi tunakaanga karanga kwenye mchanga wa moto, tunakaanga buni kavukavu kwenye kikaango mpaka nyumba nzima inukie kahawa, na wala hatumwagi tone la mafuta. Neno letu kukaanga halikuwahi kufungwa ndani ya chupa ya mafuta. Linahusu moto mkavu, uangalizi, na mkono usioacha kugeuza. Mama naye, aliyekuwa ameegemea mlango wa jiko akiutazama ule mwanga mwekundu, alitoa hukumu yake kabla yangu: "Huu ni moto wa kupalia."

Nikakumbuka. Mkate wa kumimina ulipikwa kwa moto mdogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko wa bati, na mama alituonya kwamba moto wa juu ndio mpishi, wa chini ni msaidizi tu. Wali nao ulipokauka maji, ulipaliwa makaa ili kila punje isimame peke yake. Alijua kuinua mfuniko ule wenye moto kwa koleo bila kumwaga hata jivu moja ndani, na sisi tulisimama mbali tukitazama kama watu wanaotazama mtu akitembea juu ya kamba. Kwa hiyo mashine hii, iliyokuja na jina la kigeni na kitabu cha maelezo kwa lugha nane, imeleta jambo ambalo mama yangu alikuwa nalo Pangani kabla mimi sijazaliwa. Tofauti ni kwamba upepo wake hauchoki, na makaa yake hayapeperushi majivu.

Lakini tunachonunua hasa, nadhani, ni ukoko. Jungu kuu halikosi ukoko, na sisi watoto tulilijua hilo kwa vitendo kabla hatujalisikia likisemwa. Ukoko wa wali ulikwanguliwa kwa kijiko cha chuma, ukagawanywa kwa haki iliyokuwa kali kuliko ya mahakama. Mkia wa samaki wa kukaanga, ule uliokauka hadi ukawa kama jani, ulikuwa wa mtoto wa mwisho. Ulikuwa wangu kwa miaka mingi. Leo ni wa binti yangu mdogo, na anayeukata na kumpa ni mkono uleule. Mwaka 1912 mwanakemia wa Ufaransa, Louis Camille Maillard, aliandika juu ya kinachotokea sukari na asidi amino za protini zinapokutana kwenye joto: rangi ya kahawia, harufu, ule utamu usioweza kuelezwa kwa neno moja. Jungu halikuwahi kumngojea, ila nafurahi kwamba kuna mtu aliyeona kuwa ukoko unastahili maabara. Na utamu huo una deni lake: mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga, viazi hasa, vikikaushwa kwa moto mkali huzalisha akrilamidi, kitu kinachoshukiwa kuleta saratani. Mashine ya upepo haijasamehewa deni hilo. Kiazi kilichoungua kimeungua, kiwe kimetoka kwenye karai, tanuri au kikapu. Dhahabu inatosha, usingoje kahawia iliyoiva sana.

Sasa niseme habari ya mafuta, maana ndiyo iliyonipeleka Kariakoo. Mkono wa kulia wa mama, kuanzia kiwiko hadi kifundo, una madoa madogo meupe yaliyotawanyika kama nyota. Ni mafuta. Kwa miaka kumi na moja alikaanga samaki jioni mbele ya nyumba, karai juu ya jiko la mkaa, koroboi pembeni, na wateja wakija na sahani zao zenye ugali tayari. Karai lile ndilo lililotulipia ada. Siwezi kuyasema mafuta vibaya mbele yake, wala sitaki. Kwetu mafuta ni neema. Mtu aliyefanikiwa tulisema amenona, na mgeni aliyepikiwa mchuzi usioelea mafuta alijua hakutarajiwa. Halafu mwaka huu daktari akamwambia lehemu imepanda, apunguze vya kukaanga, na mama akatikisa kichwa kwa adabu kama anayepokea salamu za mtu asiyemfahamu. Tulimbadilishia chakula: samaki wa kuchemsha, mboga za maji. Alikula wiki moja. Wiki ya pili alianza kusema hana njaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kulindwa dhidi ya kitu hadi anyauke.

Hesabu ya gharama nimeipiga, na kwa haraka niiseme. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika ishirini bila kupumzika inakula nusu uniti ya umeme. Kwa nyumba kama yetu, uniti moja ya LUKU pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356, na ule waya huwaka na kuzimika wenyewe joto likifika, kwa hiyo mizunguko miwili ya samaki haizidi bei hiyo. Ni chini sana ya robo lita ya mafuta dukani kwa Mangi mtaani kwetu. Ila jirani yangu aliyepanga chumba na sebule yuko kwenye bei ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni kama shilingi 122. Nusu saa kila siku ni zaidi ya uniti 22 kwa mwezi, karibu theluthi ya ile 75 yote. Kwake yeye mashine hii inaweza kumvusha mstari ambao hakutaka kuuvuka. Bandu bandu huisha gogo, na gogo la kila mtu lina unene wake. Ndiyo maana siamini ushauri wa jumla katika jambo hili.

Lipo jambo jingine kuhusu umeme huo ambalo hunijia usiku. Magunia ya mkaa yaliyochoma samaki wa mama yalikuja kwa malori na baiskeli kutoka Kisarawe, Mkuranga na Rufiji. Tulikula misitu ile bila kuiona. Leo katika Mto Rufiji huohuo kuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi ifikapo 2034. Moto wetu unatoka upande uleule uliotoka zamani, ila umebadilika sura: ulikuja mweusi kwenye gunia, sasa unakuja hauonekani, ndani ya waya. Macho ya mama yaliyotoka machozi kwa moshi miaka yote ile yangeulizwa, yangejua la kujibu. Hata hivyo, siku umeme ukikatika, mtungi wa gesi na jiko la mkaa ndivyo vitakavyotulisha, na usiache mbachao kwa msala upitao.

Yapo yasiyowezekana kwenye kikapu kile, na muuzaji mwaminifu angeyataja kwanza. Viazi karai havipikiki, wala bagia, wala kitu chochote chenye uji wa unga, kwa sababu uji hudondoka kwenye matundu kabla haujashika. Maandazi hutoka kama mikate midogo. Mchuzi ndio usiuulize. Kuku ni mfalme humo, kwa kuwa mafuta yake mwenyewe yanashuka chini na ngozi inabaki kavu. Sambusa zikipakwa mafuta kwa brashi zinapendeza. Mihogo na viazi vitamu pia.

Kinachonilemea si hayo. Kinachonilemea ni udogo wake. Mashine ya wifi ni ya lita nne na nusu, na imebeba vibua vitatu kwa kuwapinda mikia. Nyumbani kwangu tuko saba: mume wangu, mama, watoto watatu, binti anayetusaidia kazi, na mimi. Na hesabu ya saba ni ya siku ambayo hajaja mtu. Aliyebuni kikapu kile alikuwa na picha ya meza fulani kichwani mwake, meza ya watu wawili au watatu ambao mlango wao haugongwi saa ya chakula. Sinia letu halina idadi. Mtu akipita tunamwambia karibu, na hatumaanishi salamu. Chombo kinachopika kwa vipande vilivyohesabiwa kinataka ujue mapema watakula wangapi, na mimi sijawahi kulijua hilo siku yoyote tangu niolewe.

Nikajiambia: basi kiwe cha mama peke yake. Kibua kimoja, paja moja la kuku, mzunguko mmoja, na sisi wengine tuendelee na karai letu. Nililiona kuwa jawabu zuri kwa muda wa siku mbili hivi. Kisha nikaiona picha yake: sisi tumezunguka sinia, mikono inakutana, mifupa inapita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na mama pembeni ana sahani yake iliyofunikwa kawa, chakula cha mgonjwa. Ile wiki ya samaki wa kuchemsha, sasa naamini, aliyemkatisha hamu ya kula hakuwa samaki, ilikuwa ile sahani. Alikuwa amelisha mtaa mzima kutoka karai moja, halafu akatengewa. Nilipomuuliza, alinijibu bila kunitazama, huku akichambua mchele: "Mimi sijakataa dawa. Nimekataa kula peke yangu."

Kiswahili kimeliweka neno jiko mahali pazito. Jiko ni chombo kinachowaka, jiko ni chumba chenyewe, na kijana akioa tunasema amepata jiko. Chombo, mahali na mtu vimeitwa jina moja, na aliyeviita hivyo hakukosea, hata kama sisi wanawake tumelibeba jina hilo kwa uzito zaidi kuliko wanaume walivyolitamka. Kwa hiyo mtu anaposimama dukani mbele ya jiko jipya, anauliza pia nani atasimama mbele yake, kwa muda gani, na nani atapumzika. Binti anayetusaidia kazi husimama kwenye karai karibu saa nzima samaki wakiwa saba, na nimeanza kuona nyota zile zile nyeupe zikitokea kwenye mkono wake. Ana miaka kumi na tisa. Hilo peke yake, nimeona, lina uzito zaidi kuliko lehemu na LUKU vikiwekwa pamoja, na inaniuma kwamba limekuja mwisho kwenye hesabu yangu wakati lilikuwa mbele ya macho yangu kila jioni.

Basi nitanunua, lakini si ile ya bei nilizoulizia mwanzo. Nitangoja mishahara miwili nichukue ya lita nane, inayobeba samaki wanne wamelala vizuri, mizunguko miwili kwa nyumba nzima, na karai litabaki kwa maandazi ya Ramadhani na siku za wageni wengi. Wote tutakula samaki yuleyule. Mahali pake nimekwisha kupapima kwa shubiri: kwenye meza ya simiti kando ya dirisha, panapokaa mbuzi ya kukunia nazi, nayo itahamia kwenye msumari ukutani. Haitapanda juu ya friji.

Siku ile Tabata, dakika zilipokwisha, kengele ililia na wifi akavuta kikapu. Ngozi za vibua zilikuwa zimejikunja kwenye mistari ya kisu, kavu, za rangi ya dhahabu, na chini ya kikapu palikuwa na mafuta ya samaki wenyewe, kijiko hivi, yaliyodondoka. Mama alivunja kipande, akaweka mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu. Hakusema neno. Akavunja kingine. Tulikula wawili sisi watatu, na wa tatu akawekewa kaka. Wifi akaangaza huku na huku akitafuta cha kumkinga samaki huyo na nzi, akachukua kile kitambaa cha kufuma, akakitandaza juu ya sahani. Mama alikuwa ameukata mkia wa samaki wake na ameushika, mkono umenyooka kidogo pembeni, kwenye usawa wa kichwa cha mtoto. Hapakuwa na mtoto. Watoto wangu walikuwa Kigamboni. Akautazama, kisha akaomba kipande cha karatasi, akaufunga, akautia kwenye kikapu cha ukindu.

Tulivuka na pantoni ya saa kumi na mbili jioni, mama ameketi kwenye benchi la pembeni, kikapu amekipakata, upepo wa bahari ukimpiga mtandio. Binti yangu wa mwisho alitupokea mlangoni. Mkia ulikuwa umelainika njiani, haukuvunjika tena kama jani. Aliula wote na mifupa yake, amesimama, huku akimuuliza bibi yake kama kuna mwingine.